Swali la Nane Kwenye Fomu ya Damu

Kabla sijawaeleza ninyi vijana jinsi tulivyokusanya damu mjini Bujumbura wakati wa vita, inanipasa kukiri jambo moja, maana nisipolikiri mwenyewe wapo wazee wa mtaa wetu wa Buyenzi watakaolisema siku ya msiba wangu. Siku niliyoanza kazi katika kituo cha damu nilikuwa nimeficha ndizi nne mfukoni. Hazikuwa za kula. Zilikuwa za kumtuliza sokwe, endapo ningemkuta.

Mtaani kwetu ilijulikana, sisemi ilidhaniwa, ilijulikana kama inavyojulikana kwamba ziwani kuna maji, kwamba vita imemaliza damu ya watu na hospitali zimeanza kutumia damu ya sokwe. Walisema sokwe wanaletwa kwa boti kutoka Kongo, wanafungwa nyuma ya ukuta mrefu, na kila asubuhi wanakamuliwa damu kama ng'ombe anavyokamuliwa maziwa. Mgonjwa aliyetiwa damu hiyo hakuweza kujificha. Ukipita naye sokoni, akiona ndizi anameza mate kabla hata hujamaliza kumsalimia.

Wengine waliamini kwa kusikia. Mimi niliamini kwa ushahidi. Kabla ya damu nilikuwa kuli bandarini, nabeba magunia mchana na kusoma shule ya jioni. Siku moja nilipewa sanduku la mbao lililoshushwa kutoka boti la Kalemie, kule Kongo. Karatasi yake ilisema ni dagaa. Nilipoliweka begani, mkono mdogo mweusi ukatoka kati ya mbao, ukashika kola ya shati langu, ukagoma kuachia. Ulikuwa na kucha kama za mwanangu Asha. Wenzangu husema nilikimbia hadi langoni. Mimi nasema nilifika Rumonge na kurudi.

Kwa hiyo nilipomaliza miaka yangu minne ya shule ya jioni, nikapata cheti cha msaidizi wa maabara na kuajiriwa kituoni, niliingia kama mtu anayeingia pangoni. Niliajiriwa na Madamu Mkuu wa Maabara. Ndivyo alivyoitwa, kwa ukamilifu, hata na mumewe alipopiga simu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliongea nasi Kifaransa na Kirundi tu. Aliishika karatasi yangu mbali na macho yake.

"Bwana Hamisi. Shule ya jioni?"

"Ndiyo, Madamu."

"Ulikuwa unasinzia darasani?"

"Nilisinzia kwa heshima, Madamu, upande wa nyuma."

Hakucheka. Akanitembeza. Nikaona vitanda vitatu vya wachangiaji, meza ya darubini, na jokofu lililonguruma kama boti la Kigoma likipanda mawimbi. Alipolifungua nilirudi nyuma hatua mbili. Ndani mlikuwa na mifuko ya damu, imelala safu kwa safu, myekundu iliyokolea. Nilitafuta unyoya. Sikuuona hata mmoja. Nikachungulia dirishani kuona ule ukuta mrefu. Uani kulikuwa na jenereta na kamba ya nguo.

"Na hizo mfukoni?"

"Chakula cha mchana, Madamu."

"Ndizi nne?"

"Nina njaa kubwa."

Akazichukua, akaziweka kwenye meza ya wachangiaji. Tangu siku hiyo kila aliyetoa damu alipewa ndizi moja baada ya kuinuka kitandani. Desturi hiyo ilidumu mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyejua imetoka wapi. Leo mnajua.

Nami sikuacha kuamini. Nilijirekebisha kidogo tu. Nilijiambia kwamba hapa kwetu hawakamuli sokwe, basi wanakamuliwa kwingine.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kitandani pa mchangiaji. Kazi ilikuwa hivi. Mtu akija, kwanza unamuuliza maswali ya fomu. Kisha unamchoma kidole, unaangalia kama damu yake ina nguvu ya kutosha. Kisha unafunga mkono, unatafuta mshipa, unaingiza sindano, na damu inashuka kwenye mfuko ambao ndani yake kuna dawa ya kuzuia isigande. Mfuko unatikiswa polepole, kama mtu anavyombembeleza mtoto. Mimi nilitikisa mifuko mingi kiasi kwamba nyumbani nikipewa kikombe cha chai nilikitikisa pia, na Mama Asha, mke wangu, alikuwa ananipiga mkononi.

Baada ya hapo damu inapimwa. Tulitafuta virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Ikifaulu vipimo hivyo inaandikwa kundi lake na kulazwa kwenye jokofu, ambako haikai zaidi ya wiki tano.

Kwenye mfuko hatukuandika jina. Tuliandika namba, kundi na tarehe. Majina yalibaki kwenye daftari lililofungiwa kabatini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Madamu. Sababu yake ilikuwa vita. Mitaa ilikuwa imegawanyika, kila mmoja na watu wake, na ndugu wa mgonjwa aliyekuwa anakata roho aliweza kukushika shati akuulize, "Hii damu imetoka mutaa gani?" Madamu aliwajibu wote jibu moja: "Imetoka mkononi." Akafunga dirisha.

Miongoni mwa wachangiaji wetu alikuwapo Mzee Rajabu, na huyu mumkumbuke. Alikuwa mtu wa Buyenzi kama mimi, mrefu, mpole, kofia nyeupe kila siku, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika kwenye kiungo. Alifanya kazi Mutanga Sud, katika boma moja walikotunzwa sokwe walionyang'anywa watu. Alikuwa akiwalisha, akiwafulia blanketi, akiwakemea kwa Kiswahili. Nasi tulimpenda kwa jambo jingine. Damu yake ilikuwa O hasi.

Niwaeleze. Damu ya O hasi unaweza kumpa karibu kila mtu ukiwa huna muda wa kupima. Lakini mwenye damu hiyo yeye hupokea O hasi tu, na kwetu watu wa kundi hilo ni adimu kuliko mvua ya Julai. Mzee Rajabu alikuja kila baada ya miezi mitatu bila kuitwa. Barabara ikifungwa alipita mtaroni. Aliniambia, "Hamisi, mi sina shule, sina gari. Hii ndio kitu niko nayo ya kupatia watu." Nami nilikuwa na sababu ya kumpenda zaidi ya wote. Mama Asha alikuwa O hasi.

Nikiwa nimeshapandishwa kuwa mkubwa wa mapokezi, Madamu alituita wote mezani. Mwenzake aliyekuwa akifanya kazi nje alikuwa amemwandikia barua. Alitueleza kwamba watu wanaofanya kazi na sokwe na nyani wameanza kukutwa na virusi vya wanyama hao ndani ya damu yao. Wameng'atwa, au wamekwaruzwa, au wamechinja nyama ya porini wakiwa na kidonda mkononi. Wanaonekana wazima. Kipimo chake sisi hatuna, na hatutakuwa nacho hivi karibuni.

"Kwa hiyo kinga yetu ni mdomo," alisema. "Tutauliza."

Akaongeza swali la nane kwenye fomu. Liliandikwa kwa Kifaransa kizuri sana, likizungumzia mgusano na wanyama wa jamii ya nyani. Lakini wachangiaji wetu wengi hawakusoma Kifaransa. Mimi ndiye niliyekuwa nawauliza kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa Kirundi, halafu naweka alama.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nililisoma swali lile nikatabasamu kama mtu aliyeona siri ya wakubwa. Mgusano! Nikasema moyoni, hawa wasomi wanaona aibu kutaja jambo lenyewe. Jambo lenyewe si ile damu ya kukamuliwa? Wanataka kujua nani alishatiwa. Basi nikawarahisishia watu. Kila aliyekaa kitandani nilimuuliza kwa sauti ya kirafiki: "Ndugu, umewahi kutiwa damu ya mnyama?"

Walicheka mpaka kitanda kikalia. Wote walisema hapana, nami nikaweka alama ya hapana. Walipita wawindaji wa msitu wa Kibira. Alipita mama aliyekuwa akiuza nyama ya kukaushwa. Akapita Mzee Rajabu, akasema, "Apana, mwanangu, tangu kuzaliwa," akanyoosha mkono, nikamtoa damu, nikampa ndizi.

Hali hiyo iliendelea wiki tano nzima.

Mama Asha alikuwa mjamzito wakati huo. Alipomzaa Asha alivuja damu nyingi, na safari hii daktari wa upasuaji alisema hatamgusa mpaka aone mfuko wa O hasi umesimama pembeni. Sikuwa na wasiwasi. Mfuko wa Mzee Rajabu ulikuwa rafu ya juu kabisa. Kila asubuhi niliufungulia jokofu, nikausalimu kama jirani.

Siku ya upasuaji ilifika. Mke wangu alilazwa tangu jana yake, na operesheni ilipangwa saa nane mchana. Daktari alisema hawezi kuisogeza, maana wahudumu wake walitakiwa kuwa nyumbani kabla ya saa ya kufunga barabara, na mtoto naye hakuwa anasubiri ruhusa ya mtu. Nilipitia kazini asubuhi kuuchukua mfuko. Kulikuwa na foleni ya wachangiaji kutoka msikitini, ndefu, ukiitazama unaona mwisho wake uko Uvira. Nikasema nihudumie wawili watatu kwanza. Nikamkalisha wa kwanza, nikaanza maswali, nikafika la nane.

"Ndugu, umewahi kutiwa damu ya mnyama?"

Nyuma yangu sauti ikasema, kwa Kiswahili safi cha mjini: "We Hamisi. Unauliza nini huyo mutu?"

Niligeuka nikidhani ni mke wa muuza mkaa wa mtaani kwetu. Alikuwa Madamu. Miaka yote nilidhani Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu za jambo na habari. Kumbe alikulia Buyenzi, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na alikuwa ameuficha mtaa wake kama wengine walivyoficha vitambulisho.

"Nauliza la nane, Madamu."

"La nane linasema hivyo?"

"Kwa Kiswahili chepesi."

Akanivuta hadi maabara, akafunga mlango. Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa sauti ndogo namna ile. "Swali ni kama ameumwa na nyani au sokwe. Kama amekwaruzwa. Kama anawafuga au anawachinja. Nani alikwambia habari ya kutiwa damu ya mnyama?"

Sikuthubutu kumwambia kwamba ni Buyenzi nzima, na sanduku moja la dagaa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Madamu."

Aliketi. Akavua ufunguo shingoni, akaweka daftari mbele yangu. "Kila mfuko uliouchukua tangu swali lile liingie, utautenga. Kila mchangiaji, utamrudia, umuulize upya kwa maneno ninayokupa mimi. Anza na walioko kwenye jokofu."

Nikaanza. Namba, jina, namba, jina. Nilipofika rafu ya juu mkono wangu ulisimama. Kile kidole kifupi kikaja mbele ya macho yangu, na nikakumbuka siku aliyonieleza, zamani, tukinywa chai: "Hiki? Alikikula Bibi, yule sokwe wangu mukubwa. Alikuwa na hasira siku ile." Tulikuwa tumecheka.

"Madamu, huu ni wa Mzee Rajabu."

Alijua ni mfuko wa nani na unamsubiri nani. Kituo kizima kilijua.

"Huyo mdudu wa sokwe anaua?" nikamuuliza.

"Sijui. Mpaka sasa hawajaona aliyeugua."

"Basi labda hana neno."

"Labda. Wa ukimwi naye alitoka kwa sokwe, akakaa ndani ya watu kimya miaka mingi kabla hatujamjua jina. Huyu anaweza kuwa si kitu kabisa. Lakini mimi sitaki kulijua hilo kwa kumtazama mgonjwa." "Kama mkeo akifika mezani anavuja na hakuna mfuko mwingine duniani, daktari ndiye ataamua, na mimi nitauleta mwenyewe. Kifo cha leo kinashinda ugonjwa wa labda. Sasa hivi ni saa tatu. Una saa tano. Je, umeshatafuta mwingine?"

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye mfuko ule, kwa mkono wangu, USITUMIE. Herufi zilipinda kama mwandishi alikuwa juu ya pikipiki. Kisha nikafungua ukurasa wa O hasi.

Walikuwa watatu tu waliobaki. Wa kwanza alikuwa amekimbilia kambi za Tanzania. Wa pili, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ametoa damu wiki tatu nyuma na hakuruhusiwa kutoa tena. Wa tatu alikuwa Mama Neema, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akiuza vitenge na kusafiri na maboti. Nikachukua baiskeli. Wanasema kutoka kituoni hadi bandarini ni mwendo wa nusu saa. Mimi nilifika kabla kivuli changu hakijageuza kona.

Nilimkuta gatini, amekaa juu ya marobota yake, boti la Kalemie linapakia. Makuli wenzangu wa zamani walinipigia kelele, "Daktari! Umerudi kubeba?" Niliwapita. Nikamweleza Mama Neema yote, pumzi ikinikatika.

"Bibi yako anazaa, damu iko apana, na mi niko na boti ya saa sita," alisema. "We Hamisi, Mungu alikutuma kunifilisi?"

"Mama, sijakuomba bado. Kwanza nina maswali."

"Maswali? Mutu anakufa na uko na maswali?"

"Nane."

Nilimuuliza pale pale, juu ya marobota, makuli wakisikia. La kaswende lilinipatia kofi la mgongoni na shangwe ya gati nzima. Tukafika la nane. Nilikuwa nimeliandika kiganjani kama Madamu alivyolisema.

"Umewahi kuumwa au kukwaruzwa na nyani, tumbili au sokwe? Umewahi kuwafuga? Umewahi kuchinja au kukata nyama yao?"

Shangwe ya gati ikakatika, maana wote walikuwa wanajua Kongo kuna nini porini.

"Na kama nasema ndiyo?"

"Nitakushukuru, nitaondoka."

"Na bibi yako?"

"Nitatafuta mwingine."

"Mwingine iko?"

"Hakuna."

Alinitazama muda mrefu. Nasema muda mrefu, na hapo siongezi chumvi. Nilisikia mwenyewe nikimwambia, "Mama, usinisaidie kwa uongo. Ukinidanganya kwa huruma, anayekunywa hiyo huruma ni mke wangu."

"Hamisi. Mi nachezaga na bei, nachezaga na watu wa forodha. Na damu sichezake." Akasimama, akajifunga kitenge. "Nyama ya pori nilikulaga kwa mama yangu, ya swala, yeye mwenyewe anapika. Nyani sikuguse. Sikuumwe. Baba yangu alikuwa pasta, nyumbani hata paka ilikuwa apana. Twende. Lakini boti ikiniacha, utanibeba wewe mpaka Kalemie, mu mugongo."

Boti halikumwacha. Sikuwaomba, lakini wale makuli walianza kubeba magunia kwa mwendo wa kinyonga. Mmoja alisimama katikati ya ubao wa kupandia, akaweka gunia chini, akaanza kuchunguza kiatu chake. Niliambiwa nahodha alitukana kwa lugha nne. Saa sita ilipita, saa saba ikapita, na boti likawa bado linapakia dagaa.

Kituoni Madamu mwenyewe alishika sindano. Hakuniruhusu, alisema mikono yangu inatikisika hata bila mfuko. Vipimo vilifanywa vyote, hatukuruka hata kimoja. Kisha ukaja ule wa mwisho, wa kulinganisha, ambapo unachanganya tone la damu ya mchangiaji na maji ya damu ya mgonjwa kwenye kioo, unangoja uone kama zinagombana. Zikigombana unaona chembe zinashikana kama mchanga. Nilitazama kioo kile mpaka macho yakatoa machozi. Hakuna mchanga. Mchanganyiko ulikuwa laini kama juisi iliyochujwa.

Nilifika hospitali saa nane kasoro, kisanduku cha barafu kimefungwa kifuani kwa kitenge cha Mama Neema. Mke wangu alivuja, kama daktari alivyoogopa. Mfuko uliingia wote. Akapata rangi polepole, kwanza midomo, kisha kucha. Mtoto alikuwa wa kike. Alipewa jina la Neema, na ukimuuliza Mama Neema, atakuambia alimzaa yeye.

Mliodhani kazi iliishia hapo mnakosea. Ilianza. Nilirudia wachangiaji wote wa zile wiki tano, mmoja mmoja, kwa baiskeli na kwa miguu. Nilikwenda Kamenge watu walipokuwa bado wanarudi kwenye nyumba zisizo na mapaa. Nilisimamishwa kwenye vizuizi na vijana wenye silaha waliotaka kujua natafuta nini. Nikawaambia natafuta mtu aliyeumwa na nyani. Wakaniachia, nadhani kwa huruma. Mifuko iliyokuwa na shaka tuliiteketeza, na kuiteketeza damu wakati wa vita ni jambo linalouma hata meno. Miwili ilikuwa imeshatumika. Madamu aliandika barua kwa madaktari wa wagonjwa hao, akatia sahihi yake, nami nikatia yangu chini yake, kwa amri yake. Wale wagonjwa walifuatiliwa miaka. Hakuna aliyeonekana na neno. Hiyo si sifa yangu. Hiyo ni bahati.

Baadaye nilihamishiwa timu ya kukusanya damu parokiani na mashuleni, kisha maabara ya vipimo, kisha wakanipa kufundisha wapya. Madamu alistaafu kabla yangu. Vita ikaisha, barabara zikafunguka, mashine zikaja zinazopima kwa dakika kile tulichokipima kwa saa kadhaa. Mimi niliaga kazi nikiwa na mvi hadi kwenye nyusi, na zawadi ya saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika kumi.

Ninyi mnaoanza leo mna vipimo vingi. Vipendeni. Lakini kila kipimo kinatafuta kitu ambacho tayari kina jina. Kile kisicho na jina bado hakina mashine, na kinga yake iko kwenye swali lililoulizwa sawasawa na mtu asiye na haraka. Liulizeni kama lilivyo. Msilirahisishe kwa yale mliyoyasikia mtaani. Na mchangiaji mnayemkataa, msimkatae kwa uso wa kumwona mchafu, maana hapo mtakuwa mmemfundisha kudanganya.

Haya nilifundishwa na Mzee Rajabu, siku ya akika ya binti yangu, na kisa chake nimekiacha mpaka hapa kwa makusudi.

Alikuja siku hiyo ya saba na kilo ya sukari, kofia imepigwa pasi. Nilimvuta pembeni, karibu na sufuria za pilau, nikamwambia kwamba hatutachukua damu yake tena. Nilimweleza la nane kama lilivyo. Alikitazama kidole chake.

"Kwa hiyo mi niko mubaya."

"Apana, Mzee. Hatujui tu."

"Ungeniuliza kidole iko wapi, ningekwambia siku ya kwanza. Uliniuliza kama nimetiwa damu ya munyama. Nikasema apana. Hiyo swali uliitoa wapi?"

Basi nikamwambia. Kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu yote: kukamuliwa, ukuta mrefu, ndizi nne, sanduku la dagaa na ule mkono kwenye kola yangu. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Masanduku ya vile forodha iliyashika," alisema. "Yaliletwa kwetu. Mi ndio nilikuwa nayafungua. Mwanangu, hakuna mutu amewahi kutoa sokwe damu akapatia mugonjwa. Ungemtia mutu damu ya sokwe angekufa, asingengoja ndizi. Na ndizi wenyewe hawazipendi vile, wanapenda uji. Ule mutoto uliyebeba aliletwa kwa sababu mama yake aliuawa porini, akaliwa. Kama iko ugonjwa ya sokwe iliingia mu friji yenu, sokwe hakuileta. Yule aliyemuchinja aliileta, na mimi niliyeumwa. Tulikuja kwa miguu yetu, tukalala kwa kitanda yako, na hukutuuliza."